Meneja na Nyumba Isiyo Yake

Siku ya mshahara kila mtu pale kiwandani alikuwa na haraka zake isipokuwa Meneja. Wachumaji wa chai wanaangalia simu, watu wa mitambo wanaulizana nani kaingiziwa na nani bado, madereva wanatafuta kisingizio cha kushuka Tukuyu mjini. Yeye alingoja kelele zipungue, ndipo aje kwenye dirisha la ofisi yangu, suruali kaichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya tope, aegemeze kiwiko na kuniuliza swali lile lile la miaka yote.

"Mama Salma, mwezi huu nimekula nini?"

"Umekula paa, Meneja," namjibu. "Umekula kuni, umekula mpishi, na kipande cha gari."

"Nimeshiba," anasema. Halafu anapokea karatasi yake ya mshahara na kuisoma kuanzia chini kwenda juu, labda akianzia mwisho itatoka tofauti. Haikutoka tofauti hata mara moja.

Mimi nilikuwa mhasibu wa mishahara pale. Babu yangu alikuja kutoka pwani na cherehani yake akafungua duka la ushonaji Tukuyu, na sisi wajukuu tukageuka watu wa mvua na ndizi kama wenzetu. Siku hizi nafanya hesabu za wafanyabiashara wa maparachichi hapa mjini, lakini nikisikia mtu anasema fulani kaula, kapewa nyumba na gari, namkumbuka Meneja na sicheki.

Kazi ya umeneja wa shamba la chai inakuja na vitu. Nyumba juu ya kilima, gari, mpishi, mtunza bustani, mlinzi, umeme, kuni za kuotea moto, ada ya mtoto. Mtu wa nje anaona hivyo tu. Asichokiona ni kwamba kwa sheria ya kodi, kitu unachopewa na mwajiri badala ya fedha kinahesabiwa kama fedha. Nyumba inathaminiwa, thamani yake inaongezwa juu ya mshahara wako, na jumla hiyo ndiyo inayokatwa kodi. Sasa nyumba haiwezi kujilipia. Huwezi kung'oa bati mbili ukawapelekea watu wa kodi. Kwa hiyo kodi ya nyumba, kodi ya gari, kodi ya mpishi, zote zinatoka kwenye zile fedha za mkononi, na za Meneja hazikuwa nyingi, kwa sababu wakurugenzi wa Dar es Salaam walipotaka kumshukuru walimwongezea kitu, si fedha. Kila shukrani ilimpunguzia hela ya mfukoni. Mimi ndiye niliyekuwa nafanya hiyo hesabu, na sikuwa na namna nyingine ya kuifanya.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mgane tangu kabla sijamfahamu, na mwenye sauti ya chini ambayo mashine za kiwanda hazikuweza kuizima. Alijua chai. Alikuwa akipita kwenye majani yanayonyaushwa, anachukua konzi moja, anaikamua, anainusa, anasema "bado" na kuendelea, na mafundi hawakubishana naye. Kwenye chai hakukosea. Kwenye mambo yake mwenyewe alikuwa mtoto.

Mfano ni ile hadithi ya vyumba. Nyumba ya Meneja ilijengwa na wazungu wa zamani waliopenda nafasi, ina vyumba ambavyo hata mpishi hakuwa na sababu ya kuvifungua. Meneja akawaza peke yake, bila kuniuliza. Hapa kwetu chumba kinapangishwa kimoja kimoja. Mtu aliyepanga vyumba viwili hadaiwi kodi ya nyumba nzima, anadaiwa ya viwili vyake. Basi akamwita seremala wa kiwanda, wakapigilia mbao kwenye milango ya vyumba vyote isipokuwa anacholala, sebule na jiko. Kisha akanitumia dereva nije nishuhudie.

Nilipofika alinizungusha kwenye ukumbi ule wa giza akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Hesabu mwenyewe," akasema. "Ninachotumia ni hiki, na hiki, na jiko. Hivyo vingine kampuni ivichukue."

"Meneja, umeipigia mbao nyumba ya watu?"

"Sikuivunja. Nimeifunga."

Ilinibidi nimweleze, na sikupenda kumweleza. Sheria haiulizi unalala chumba gani. Inauliza umepewa nini. Amepewa nyumba, nyumba ndiyo inayohesabiwa, awe amejaza wageni au amelala jikoni. Alinisikiliza akishika tama. Mpishi wake, mzee wa Kawetele aliyekuwa na hasira za bure, akadakia kutoka jikoni: "Nami nilimwambia. Wageni wakija niwalaze juu ya dari?"

Wageni wakaja kweli. Wakurugenzi wawili walifika kukagua kiwanda bila taarifa ya maana, wakakuta nyumba imefungwa mbao kama duka la marehemu. Wakauliza kulikoni. Meneja, ambaye siku zote alikuwa akiwaonya mafundi wasidanganye, akasema ni mchwa. Alisema sakafu ya vyumba imeliwa na mchwa na alikuwa anaepusha watu wasitumbukie. Nilikuwepo, nikaitazama ile sakafu nzima.

Wale wakurugenzi walikuwa watu wema, na hapo ndipo penye uchungu. Waliporudi Dar es Salaam walituma mafundi. Sakafu ikabandikwa upya, paa likabadilishwa, kuta zikapakwa rangi, wakaweka na mtambo wa maji moto wa jua. Ilipofika wakati wa kuthamini upya, ile nyumba ilikuwa na bei ambayo hakuna mtu wa Tukuyu angethubutu kuipanga. Makato yakapanda. Mwezi ule Meneja alikuja dirishani, akaisoma karatasi kutoka chini hadi juu, hakuniuliza kala nini. Alisema tu, "Mchwa huyu anauma," akaondoka kwenye mvua.

Niliumia, lakini pia nilicheka, na nikiri nilimsimulia mume wangu usiku huo tukacheka pamoja mpaka machozi. Baadaye kicheko kiliniisha nilipojua kwa nini alikuwa anazitafuta zile fedha.

Alikuwa na kiwanja Ikuti, karibu na kwa mdogo wake. Alikuwa anataka kumjengea mama yake nyumba. Hakutaka ghorofa. Vyumba vitatu vya matofali, bati, na baraza ya kumenyea ndizi. Mama yake alikuwa akikaa kwa mdogo mtu, katika nyumba iliyojaa wajukuu na moshi, na alikuwa amesema wazi kwamba anataka kumalizia siku zake kwa mwanawe wa kwanza, na azikwe kwenye uwanja wa mwanawe wa kwanza. Kwa Wanyakyusa hilo si jambo la kupuuza. Mtu anazikwa kwake, nyumba inawajua wafu wake. Mzazi aliye na mtoto mkubwa mwenye kazi kubwa, akizikwa uwanjani kwa mdogo, watu hawatasema kitu msibani, watasemea njiani.

"Si umchukue akae hapa juu?" nilimuuliza siku moja. "Nyumba ni kubwa, mpishi yupo."

"Mama Salma, huyo mama humjui."

Nikaja kumjua. Alikuwa anakuja kumtembelea, mfupi, mweusi wa kung'aa, na kitenge kilichofungwa juu ya koti la baridi. Anakuja na mkungu wa ndizi, anasalimia kila mtu hadi mlinzi, anakaa barazani. Mpishi anampikia ndizi za mbalaga, anazila na kuzisifu, na jua likianza kuelekea kushuka anasimama na kudai bodaboda. Niliwakuta wakibishana hivyo mara moja nilipopeleka hundi za kusainiwa.

"Lala, Mama. Vitanda vipo."

"Nyumba nzuri fijo, nzuri sana," akasema yule bibi, akiipangusa ile nguzo ya baraza kwa kiganja. "Ya kampuni. Mimi nikilala humu, nikifa humu, nitakuwa nimefia kazini kwako. Jenga, nitakuja."

"Najenga, Mama."

"Unajenga," akakubali, kwa upole wa kukatisha tamaa, na akapanda bodaboda.

Alikuwa anajenga kweli, kwa namna yake. Msingi ulikuwepo, na migomba ya mdogo wake ilikuwa imeshauingilia. Alinunua matofali kidogo kidogo, mvua za Rungwe zikayaotesha majani. Akipata nafuu mwezi mmoja, mwezi wa pili wanamletea shukrani nyingine.

Kama lile gari. Alikuwa na gari la zamani lililokuwa likikohoa kwenye kila mlima, na alilipenda kwa siri, kwa sababu kwenye kodi gari likishazeeka linahesabiwa kidogo kuliko jipya, na lenye injini ndogo kidogo kuliko lenye kubwa. Alilitunza makusudi lisife. Kuna wakati aliliweka chini ya turubai mwezi mzima, akawa anatembea kwa miguu kwenye tope, akitumaini kwamba gari lisipotembea halikatwi. Nikamwambia, limewekwa kwa ajili yako, limekatwa. Ni mwezi huo wa kutembea ndipo alipoanza ule mtindo wa soksi, na hata baada ya kulifunua turubai hakuuacha.

Siku ambayo kampuni ilimletea jipya, kubwa, jeupe, la magurudumu ya kupanda popote, kiwanda kizima kilisimama. Wanawake wa kuchuma walipiga vigelegele. Dereva alilizungusha uwanjani mara kadhaa huku vumbi likitimka. Meneja alisimama mlangoni mwa kiwanda, mikono nyuma, na uso wa mtu aliyeletewa habari za msiba. Mama mmoja mchumaji, mwenye maneno yake, akamwambia, "Meneja, mbona hufurahi? Tubadilishane basi, wewe chukua kapu langu."

Meneja alilitazama lile kapu. "Ungenipa na mshahara wako?"

"Huo wangu kidogo tu."

"Lakini unaushika wote," akasema Meneja, na wanawake wakacheka kwa sauti, wakidhani ni utani wa wakubwa.

Hawakumwamini, na siwalaumu. Mtu anayepanda kilima na kapu la chai mgongoni kwenye ukungu hawezi kumhurumia mtu anayelala karibu na moto. Mimi mwenyewe kuna siku sikumhurumia. Alikuwa mkali kwa vibarua wanaochelewa kuliko ilivyolazimu. Alipenda kuitwa Meneja, alipenda mlinzi akimfungulia geti kwa saluti, na alipenda ule moto wa sebuleni kuliko alivyokiri. Kulikuwa na chuo Mbeya kilichomtaka akafundishe vijana mambo ya chai. Hakuna nyumba, hakuna gari, mshahara tu, lakini mshahara wa kushika. Nilimpigia hesabu mwenyewe, kwa kalamu, mbele yake. Kila mwezi angebakiwa na fedha ya kujengea.

"Nenda," nilimwambia. "Meneja, nenda. Utamaliza nyumba ya mama."

Aliisoma ile hesabu kuanzia chini kwenda juu.

"Na ada ya mtoto?"

Hapo palikuwa na kufuli. Binti yake wa mwisho alikuwa anasoma shule ya bweni ya watu wenye uwezo, na kampuni ndiyo iliyokuwa inamlipia. Ada hiyo nayo ilikuwa inahesabiwa kwenye mapato ya baba na kukatwa kodi, lakini kukatwa kodi ya ada si sawa na kulipa ada. Akitoka kampuni, mtoto anatoka shule. Akibaki, mama hana nyumba. Aliiweka ile karatasi yangu mezani, akainyoosha kwa vidole, akasema, "Wamenifunga kwa kunipenda." Nilikasirika, nikamwambia hakuna aliyemfunga, mlango uko wazi, tatizo anaupenda moto wa kampuni. Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Matibabu tu ndiyo hayakuwa yakikatwa, kwa sababu kampuni ilikuwa inawatibu wafanyakazi wote sawasawa, na hilo sheria inalisamehe. Alipolijua alifurahi mno. Akipiga chafya ofisini alikuwa anasema, "Hii ni yangu yote." Watu walidhani ana wazimu kidogo. Mimi nilicheka, na kweli ilikuwa ya kuchekesha, lakini ukiitazama vizuri ni maneno ya mtu ambaye hana pengine pa kutokea.

Mwaka wake wa mwisho wa kazi ulipokaribia, nilidhani mambo yatajifungua yenyewe. Binti alikuwa anakaribia kumaliza shule. Mafao yangetoka. Alianza kuongea na fundi wa Kiwira kuhusu mbao za kenchi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akitaja mwezi wa kuezeka. Aliniomba hata nimtafutie mtu wa kushona mapazia, kwa vile watu wa kwetu ni washonaji. Nilimtafutia.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshapata kazi nyingine nikaaga. Nikaenda Tanga kumwangalia binti yangu Salma aliyejifungua, nikakaa huko mpaka mtoto akaanza kutabasamu. Nikiwa huko ndipo nikapigiwa simu na mpishi kwamba mama yake Meneja amefariki na wameshazika.

Niliporudi nilipanda kule juu kutoa pole. Ilikuwa mchana wenye mvua nyembamba, mashamba yametulia, kiwanda kimesimama kwa ajili ya matengenezo. Alinipokea mwenyewe mlangoni, akanikalisha sebuleni, mpishi akaleta chai bila kugombana na mtu. Meneja alikuwa amekonda. Tulisemezana yale yanayosemwa, kisha akaanza kusimulia bila kuulizwa.

Miguu ya mama ilivimba. Kwa mdogo mtu hapakuwa na nafasi ya mgonjwa, na hospitali walimpa dawa wakamrudisha. Meneja alimfuata Ikuti na lile gari jeupe akiwa amejiandaa kumbembeleza, kama ilivyokuwa kila mara. Safari hii bibi hakukataa. Alipakizwa garini, akaletwa, akaingia ndani ya nyumba hii, akaomba aoneshwe kitanda.

"Nikamwambia, Mama, kenchi zimeshafika Kiwira. Mwezi ujao naezeka," Meneja akasema. "Akaniambia, acha. Usijenge tena, mwanangu, nimechoka kukuona unajenga. Nimekuja mwenyewe."

Alikaa wiki chache tu. Alikuwa akiota moto hapo nilipokaa mimi, mpishi akimpikia, mlinzi akimsalimia kila asubuhi kupitia dirishani. Alifia humo humo, kwenye chumba kimoja kati ya vile vilivyowekewa sakafu mpya. Kwenye shamba la kampuni hazikwi mtu. Wakamshusha Ikuti wakamzika uwanjani kwa mdogo mtu, hatua chache kutoka kwenye ule msingi.

"Unajua msibani walikuwa wananipa mkono?" akasema. "Wazee wazima. Wanasema nimemtunza mama, kaondokea kwenye nyumba ya maana, na mpishi. Nikawashukuru. Ningesema nini?"

Nilimwona akitazama chai yake, na nikamwonea huruma ambayo sikuwa nimewahi kumwonea katika miaka yote ya dirishani, huruma isiyo na kicheko ndani yake. Ili kusema kitu nikamuuliza kuhusu kustaafu, atahama lini.

"Wameniongezea mkataba."

"Nawe ukakubali?"

"Mshauri, wananiita. Mshahara wameupunguza, kwa sababu kazi ni ndogo. Nyumba wameniachia. Gari pia."

Hesabu ikajifanya yenyewe kichwani mwangu, ni tabia ya kazi. Nyumba ile ile, gari lile lile, thamani ile ile, na fedha za kukatia zimepungua. Kitakachobaki mkononi hakitoshi hata mafuta ya taa. Nikamwambia hivyo, nikamwambia kwa ukali, kwamba binti anamaliza shule, mama ameshapumzika, mafao yake yapo, sasa ni nani anayemshika. Aende akaezeke nyumba yake akae.

"Nikae na nani?" akauliza. Hakuwa ananilalamikia, alikuwa anauliza kweli. "Nyumba ile sikuwa naijenga niishi mimi. Mimi nimeshazoea hapa."

Nje mtunza bustani alikuwa anakata majani ya ukingo wa njia. Meneja akanimiminia chai nyingine ambayo sikuiomba. Aliponisindikiza hadi getini alitembea polepole, viatu vikavu, suruali imenyooka, akajibu saluti ya mlinzi kwa kidole. Hapo ndipo akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu sokoni, kama huko kwa wafanyabiashara wangu wa maparachichi simfahamu mtu anayetafuta kiwanja Ikuti. Kina msingi tayari, akasema, na matofali, na kenchi anaweza kuziacha kwa bei hiyo hiyo.

Nikamwambia nitaulizia. Mpaka leo sijamuuliza mtu yeyote, na yeye tukikutana hapa mjini tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto, na hajawahi kunikumbusha.